Mhadhiri huyu anatafiti nini hasa? Tathmini ya Google Scholar, ADS, INSPIRE, ORCID na nyinginezo

Anayetafuta msimamizi wa tasnifu, mtahini wa nje au mwenza wa mradi huanzia kwenye ukurasa wa idara, na hapo ndipo wengi wanapopotea. Chini ya picha na cheo pana mstari wa "maeneo ya utafiti": nishati jadidifu, nanoteknolojia, fizikia ya yabisi. Mara nyingi mstari huo uliandikwa mwaka mhadhiri alipoajiriwa na haujaguswa tangu hapo. Ukitaka kujua anachokifanya leo, soma makala zake za miaka mitatu iliyopita. Huduma zinazotathminiwa hapa zina kazi ya kukufikisha kwenye makala hizo. Zimepimwa kwa maswali manne: inaonyesha kazi ya sasa au sifa za zamani? Inamtofautisha aliyeongoza utafiti na aliyeorodheshwa tu? Inamtenganisha mtu na wenye jina kama lake? Na inalipiwa?

Google Scholar

Ipo tangu 2004, ni ya bure, na inamhudumia mwanakemia, mwanafizikia na mtaalamu wa jiolojia kwa kiwango kinachokaribiana. Kwa sababu hiyo inabaki kuwa pa kuanzia. Ukurasa binafsi wa mtafiti hufunguliwa na mtafiti mwenyewe, kwa hiyo asipoufungua, haupo. Kukosekana kwa ukurasa hakumaanishi kwamba mtu hafanyi utafiti. Wapo maprofesa wenye makala mia mbili ambao hawajawahi kuufungua.

Ukiupata, fanya mambo mawili kabla ya kusoma chochote. Kwanza, tazama chini ya jina kama pameandikwa kuwa baruapepe imethibitishwa, na kama kikoa chake ni cha chuo unachokitafuta. Pili, bofya kichwa cha safu ya mwaka ili makala mpya zije juu. Usipofanya hivyo, orodha hupangwa kwa idadi ya kunukuliwa, na makala ya kwanza utakayoiona inaweza kuwa ya miaka kumi na mitano iliyopita, aliyoiandika akiwa mwanafunzi wa uzamivu katika maabara ya mtu mwingine. Kosa hili ndilo linalozaa barua za maombi zinazosifu kazi ambayo mhadhiri alishaiacha kitambo.

Maneno ya mada yaliyo chini ya jina yanabofyeka. Ukibofya mojawapo utaletewa watafiti wote waliochagua neno hilohilo, wa kila chuo. Ni njia nzuri ya kupanua utafutaji, mradi ukumbuke kwamba mada hizo mtu hujichagulia mwenyewe na hakuna anayezikagua.

Udhaifu wake mkubwa uko kwenye hesabu. Mtafiti anapofungua ukurasa, anaweza kuuacha mfumo uongeze makala wenyewe. Mwenye jina la kawaida asipokagua, baada ya miaka michache ukurasa wake hubeba makala za watu wengine wawili watatu. Dalili ni rahisi kuiona: mtu wa fizikia ya leza anakuwa na makala za magonjwa ya mifugo katikati ya orodha. Ukiona hivyo, usiamini namba yoyote iliyo upande wa kulia wa ukurasa. Isitoshe, Google Scholar huhesabu kunukuliwa na tasnifu, ripoti na makala ambazo hazijapitiwa na jarida lolote, na haitengi kujinukuu. Orodha ndefu ya waandishi pia hukatwa kwa nukta, na kwa mwanakemia hilo ni tatizo kwelikweli: katika kemia mwenye maabara huandikwa wa mwisho, na jina la mwisho ndilo linalofichwa. Itabidi ufungue makala moja moja.

Kuhusu kipimo cha h: kilipendekezwa mwaka 2005 na mwanafizikia Jorge Hirsch. Mtu mwenye h ya 20 ana makala 20 ambazo kila moja imenukuliwa walau mara 20. Kipimo hiki hakishuki kamwe, kwa hiyo hakimwonyeshi aliyeacha kutafiti. Hakifai pia kulinganisha mtu wa nadharia anayeandika makala mbili kwa mwaka na mtu wa majaribio makubwa anayeorodheshwa kwenye makala hamsini. Safu ya pili ya jedwali la namba lililo upande wa kulia wa ukurasa, inayohesabu miaka ya karibuni pekee, ina faida zaidi kuliko ya kwanza.

ADS

Kwa falaki na astrofizikia hii haina mpinzani, na kwa fizikia kwa jumla ni bora kuliko wengi wanavyodhani. Ni hifadhidata ya makala za kisayansi, na jina lake kamili ni Astrophysics Data System. Huendeshwa na Smithsonian Astrophysical Observatory kwa fedha za NASA, na ni bure hata bila kujisajili. Ubora wake uko kwenye lugha ya kutafutia. Ukitumia saa moja kuijifunza, utajibu kwa dakika tano maswali ambayo kwingine yangekuchukua siku nzima.

Jambo la kwanza ni alama ya ^ mbele ya jina. Andika author:"^Ukoo, A" na utaletewa makala ambazo mtu huyo ni mwandishi wa kwanza tu. Ongeza year:2021-2024 kupata kipindi, na property:refereed kubaki na zilizopitiwa na wataalamu wa jarida. Kwa mtu ambaye sasa anaongoza kundi, kuwa wa kwanza si kipimo kizuri, maana nafasi hiyo huwaachia wanafunzi wake. Hapo tumia pos(author:"Ukoo, A",1,3), ambayo huleta makala alizo miongoni mwa watatu wa mwanzo. Ukilinganisha matokeo ya utafutaji huu na orodha yake yote, utaona mara moja kama jina lake liko kwenye makala kwa kazi au kwa uanachama wa mradi.

La pili ni majina. ADS ikiona herufi ya kwanza tu, huleta kila jina linaloweza kuanza na herufi hiyo. Mfano mzuri ni S. Chandrasekhar. Subrahmanyan Chandrasekhar (1910–1995) alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1983 kwa kazi yake juu ya maumbile na mabadiliko ya nyota. Sivaramakrishna Chandrasekhar (1930–2004) alikuwa mtaalamu wa fuwele majimaji, na mwaka 1977 yeye na wenzake walitangaza aina mpya inayoundwa na molekuli zenye umbo la sahani. Wote wawili ni wanafizikia, wote ni S. Chandrasekhar, na wote ni watoto wa ndugu zake C. V. Raman, yule wa mtawanyiko wa Raman. Kuandika jina refu hakutoshi, kwa sababu makala iliyochapishwa kwa herufi moja bado itakuja. Dawa ni kuongeza kigezo kisichohusu jina: collection:astronomy, au jina la taasisi kwa aff:, au neno la mada kwa abs:, ambayo hutafuta katika kichwa cha makala, muhtasari na maneno msingi. Ikiwa hawa wawili, waliotofautiana kiasi hiki kwa mada, wanachanganyika, fikiria hali ya watafiti walio hai wanaoshiriki ukoo mmoja, herufi moja na fani moja.

La tatu ndilo la thamani zaidi kwa anayechunguza idara nzima. Badala ya kuanza na mtu, anza na chuo: weka jina la chuo kwenye aff:, weka miaka mitatu ya karibuni, weka property:refereed, kisha tazama orodha ya waandishi upande wa kushoto pamoja na idadi ya makala za kila mmoja. Hii ndiyo idara kama inavyofanya kazi. Ilinganishe na orodha ya ukurasa wa idara. Wapo watakaokuwa kwenye ukurasa na wasiwe kwenye makala: wengine wamebeba mzigo wa kufundisha au uongozi, wengine wamestaafu na bado picha zao zipo. Wapo watakaokuwa kwenye makala na wasiwe kwenye ukurasa: wanafunzi wa uzamivu, watafiti wa mkataba, na wahadhiri walioajiriwa karibuni. Tahadhari moja: jina la chuo huandikwa kwa namna nyingi kwenye makala, kwa kifupi, kwa lugha mbili, au idara ikitangulia. Jaribu angalau namna tatu kabla ya kusema hakuna kitu.

Pia kuna ack:, inayotafuta ndani ya sehemu ya shukrani. Watu wachache huitumia, nayo ndiyo inayoonyesha nani alitoa ruzuku, darubini ipi ilitumika, na kompyuta kubwa ya nani ilifanya hesabu. Anayetaka kuingia kwenye kundi la majaribio asome shukrani za makala tatu za mwisho kabla ya kusoma muhtasari wake. Vifaa vikiwa vya chuo kingine, mwanafunzi atafanya vipimo kwa ratiba ya chuo hicho kingine.

Kwa kemia ADS ni dhaifu. Usanisi wa molekuli na kemia ya uchanganuzi utavipata kwa mapengo, na idadi ya kunukuliwa itakuwa chini ya hali halisi. Usimhukumu mwanakemia kwa namba za ADS.

INSPIRE

Hii ni ya fizikia ya chembe na nyanja zilizo jirani nayo. Inaendeshwa kwa pamoja na maabara kama CERN, DESY, Fermilab na SLAC, na ni mrithi wa SPIRES, hifadhidata iliyokuwa ya SLAC. Ukurasa wa mtafiti hapa una kitu ambacho Google Scholar haina: historia ya ajira, yaani taasisi, cheo na miaka, pamoja na majaribio aliyoshiriki. Kwa anayetaka kujua kama mhadhiri amekaa chuoni miaka kumi au amefika juzi, hakuna njia ya haraka kuliko hii.

Ufundi wake unaonekana zaidi kwenye tatizo la makala zenye waandishi wengi. Mwaka 2015 makundi mawili ya majaribio ya CERN, ATLAS na CMS, yalichapisha kwa pamoja kipimo cha tungamo la chembe ya Higgs, makala yenye waandishi 5,154. Kati ya kurasa 33, kurasa 24 zilikuwa za majina na taasisi. Mwanachama wa kundi kama hilo huorodheshwa kwenye makala zote za kundi kwa mpangilio wa alfabeti, ziwe zake au za wengine. Akiwa na makala mia tisa, idadi hiyo haikuambii amefanya nini. INSPIRE ina kichujio cha idadi ya waandishi: chagua waandishi 10 au pungufu, na mia tisa huenda zikabaki kumi na nne. Hizo kumi na nne ndizo za kusoma. Kuna pia kitufe cha kuondoa kujinukuu, na kingine cha kuondoa ile tathmini kuu ya sifa za chembe ambayo karibu kila mtu wa fani huinukuu. Bila kukibonyeza, aliyeshiriki kuiandaa anaonekana jitu kuliko alivyo.

Alfabeti inatawala hata kwenye nadharia ya chembe, pale penye waandishi watatu au wanne. Kwa hiyo kanuni ya mwandishi wa kwanza haifanyi kazi hapa hata kidogo. Mwenye ukoo unaoanza na A ataongoza maisha yake yote. Kwa watu wa nadharia, soma makala alizoandika peke yake au na mtu mmoja, halafu tazama kama mwenza huyo ni mwanafunzi.

Nje ya fani yake, INSPIRE haina msaada. Mtu wa fizikia ya yabisi atakuwa na makala mbili tatu humo, na hilo halisemi lolote juu yake.

arXiv

arXiv ni hifadhi ya makala kabla hazijachapishwa na majarida, na kutathmini watu si kazi yake. Lakini ndiyo inayokuonyesha kazi mpya kuliko zote. Ilianzishwa na Paul Ginsparg mwaka 1991 huko Los Alamos, ikahamia Chuo Kikuu cha Cornell mwaka 2001. Kutoka kuwasilisha hadi jaridani hupita miezi, wakati mwingine zaidi ya mwaka, na arXiv inakuvusha pengo hilo. Namba ya makala ina tarehe ndani yake: inayoanza na 2309 iliwasilishwa Septemba 2023.

Tazama mambo mawili. Moja ni kundi la makala: cond-mat (fizikia ya yabisi na mata), quant-ph (fizikia ya kwanta), astro-ph (astrofizikia), hep-th (nadharia ya chembe) na kadhalika. Mhadhiri ambaye makala zake za zamani ziko cond-mat na za mwaka huu ziko quant-ph amehama, au yuko njiani kuhama, hata kama ukurasa wa idara haujapata habari. La pili ni mstari wa maoni ya waandishi, ambapo huandika kama makala imekubaliwa na jarida gani. Makala ya miaka minne bila jarida lolote inahitaji kuulizwa. Kinachoingia arXiv hukaguliwa tu kama kinafaa kuwekwa humo, hakipitiwi kitaalamu kama jaridani.

Wanakemia wengi hawaitumii. Wana ChemRxiv, iliyoanza 2017, lakini hata hiyo haijawa desturi kwa fani yote.

ORCID

ORCID ni namba ya utambulisho ya mtafiti, bure kwa mtafiti, tangu Oktoba 2012. Ina tarakimu 16 katika mafungu manne, na ya mwisho ni ya kukagua kosa. Chukua namba ya mfano ya ORCID wenyewe, 0000-0002-1825-0097. Anza na sifuri; kwa kila tarakimu kati ya 15 za mwanzo, ijumlishe na ulichonacho kisha zidisha kwa 2. Utaishia na 1314. Gawanya kwa 11, baki ni 5. Toa 5 katika 12, unapata 7, na 7 ndiyo tarakimu ya mwisho. Jibu likiwa 10 huandikwa X, kwa hiyo X mwishoni si kosa la uchapaji. Faida yake ni kwamba ukikosea tarakimu moja unapoinakili, hesabu inakataa.

Kwa kutenganisha majina, hakuna kilicho bora zaidi, mradi mhusika ameitumia. ADS inakubali orcid: ikifuatwa na namba, na papo hapo wale S. Chandrasekhar wa leo wanaachana. Inasaidia hasa waliobadili jina baada ya ndoa, na wale ambao ukoo wao hutangulia jina, ambao majarida huwageuza hovyo. Kasoro yake ni kwamba ukurasa wa ORCID hujazwa na mwenyewe au na mifumo aliyoiruhusu, na kila kipengele anaweza kukificha. Ukurasa mtupu ni wa kawaida sana. Uchukulie kama ufunguo wa kufungulia hifadhidata nyingine, usiuchukulie kama orodha kamili ya kazi zake.

Nyinginezo, kwa ufupi

OpenAlex ilianza Januari 2022, baada ya Microsoft Academic kufungwa mwishoni mwa 2021. Ni bure na data zake ziko wazi kwa yeyote kuzichukua. Inafaa kwa kutazama chuo kizima kwa mada, na hapo inamfaa mwanakemia kuliko ADS. Utambuzi wake wa waandishi hufanywa na mashine, hivyo mtu mmoja anaweza kugawanywa mara tatu, au watatu wakaunganishwa. Thibitisha kwa ORCID kabla ya kunukuu namba yake.

Scopus ni makini na ghali. Bila chuo kinacholipia utaona kurasa chache za waandishi tu. Kama unayo kupitia maktaba, itumie kwa kemia, lakini angalia kama mtu hana vitambulisho viwili: aliyewahi kuhama chuo huwa navyo mara nyingi.

ResearchGate, mtandao wa kijamii wa watafiti, inafaa kwa jambo moja, kupata nakala ya makala iliyofungwa kwa kumwomba mwandishi. Usiitumie kupima mtu.

Kwa mhadhiri wa kemia basi, mpangilio unaofanya kazi ni Google Scholar kwa orodha, tovuti ya jarida kwa kila makala ili kuona jina la mwisho na nyota ya mwandishi wa mawasiliano, kisha OpenAlex au Scopus kuhakiki. Kwa mtu wa falaki, ADS inatosha peke yake. Kwa mtu wa chembe, INSPIRE na kichujio cha waandishi kumi. Kwa fizikia ya yabisi, leza na sayansi ya mata, changanya ADS na arXiv. Ukiwa na makala tano za miaka mitatu ya karibuni mezani, andika waandishi wa kwanza wa kila moja. Jina lilelile likijirudia kisha likatoweka, huyo huenda ni mwanafunzi aliyemaliza. Majina mapya kila mwaka, kila moja mara moja tu, ni ishara ya watu kuja na kuondoka, na inafaa kuuliza kwa nini.

Jambo ambalo hakuna hata moja kati ya hizi inayolionyesha ni kama mhadhiri anapokea wanafunzi mwaka huu. La karibu zaidi liko kwenye hazina ya tasnifu ya maktaba ya chuo, ambako jina la msimamizi huandikwa kwenye kurasa za mwanzo. Tafuta jina lake, hesabu tasnifu za uzamivu zilizokamilika, kisha linganisha mwaka wa kila moja na mwaka wa makala ya kwanza ya mwanafunzi huyo. Mhadhiri mwenye makala sitini na asiye na tasnifu hata moja iliyokamilika chini yake huenda ameajiriwa karibuni, huenda anafanya kazi na watafiti wa mkataba tu, na huenda wanafunzi wake hawamalizi. Mwaka wa kuajiriwa ndio unaotenganisha uwezekano wa kwanza na hizo nyingine mbili.